Kutoka Embakasi Hadi Kwale: Moto, Milinganyo na Migodi

Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ya kupikia ilivuja kutoka kwa lori katika eneo la Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, ikatanda karibu na ardhi na kupata cheche. Kabla ya alfajiri, video za moto uliopanda juu ya mapaa zilikuwa zimeenea kwenye simu nchi nzima. Siku zilizofuata watu walijadili leseni: nani alimruhusu nani kujaza mitungi katikati ya makazi. Ulikuwa mjadala wa haki. Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa sana. Gesi inayochemsha chai kila asubuhi bila kumtisha mtu, ni nini kinachoifanya ikimbie mtaani na kubomoa kuta?

Jibu la swali hilo halikutoka kwa wapishi wala kwa wazima moto. Lilitoka migodini, na walioliandika kwa lugha ya hesabu walikuwa watu walioajiriwa kuhakikisha kwamba wachimbaji hawafi. Kwa hiyo ukikutana na mtafiti ambaye kazi zake zinagusa uhandisi wa mwako, fizikia ya kihisabati na maendeleo ya uchumi yanayotokana na madini, usidhani kwamba ametangatanga. Nyanja hizo tatu ni za ukoo mmoja. Nitaongeza dai langu: ukijua jinsi zilivyozaana, utajua pia kwa nini nchi moja huchimba ikainuka na nyingine ikachimba ikabakia na mashimo. Kwetu Kenya hilo si jambo la mbali, maana mgodi mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, ule wa mchanga wa titani huko Kwale, uliacha kuchimba Desemba 2024.

Wavu wa waya

Mei 25, 1812, mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, ulilipuka na kuua watu 92, wakiwemo wavulana wengi. Kilichowaua ni methani, gesi iliyofungwa ndani ya tabaka la makaa na ambayo huachiliwa tabaka hilo linapokatwa. Methani ikiwa chini ya takriban asilimia 5 ya hewa, haiwaki. Ikizidi asilimia 15 haiwaki vilevile, kwa kuwa oksijeni imekuwa haba. Kati ya viwango hivyo viwili, mshumaa mmoja unatosha.

Gesi yetu ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Mipaka yake ni takriban asilimia 2 hadi 9, lakini ina ubaya ambao methani haina: ni nzito kuliko hewa. Haipai ikapotea. Hutambaa, huingia mitaroni, hupita chini ya milango. Tena lita moja yake ikiwa kimiminika hugeuka kuwa takriban lita 250 za gesi, na hivyo lori moja linatosha kufunika mtaa.

Baada ya Felling, mkemia Humphry Davy aliombwa atafute taa ambayo haitalipua mgodi. Mwishoni mwa 1815 alileta kitu ambacho ukikitazama unaona kama mzaha: taa ya mafuta iliyozungushiwa wavu wa waya. Hewa yenye methani inaingia, inawaka ndani, lakini mwali hautoki nje. Mwali wa moto huishi kama kibanda cha biashara: unaendelea kuwepo maadamu joto unalolizalisha linazidi joto unalolipoteza. Ukijaribu kupenya kwenye tundu dogo, chuma kinaudai joto kutoka pande zote, matumizi yanayazidi mapato, na mwali unafunga. Kwa methani iliyochanganyika na hewa ya kawaida, mpenyo wa takriban milimita 2 ndio mpaka. Chini ya hapo mwali hauvuki. Kanuni hiyo bado inafanya kazi leo katika vizuia-moto vinavyofungwa kwenye matundu ya kupumulia ya matangi ya mafuta.

(Mwaka huohuo fundi wa injini za migodini, George Stephenson, ambaye hakuwa na elimu ya darasani ya kutajika, alitengeneza taa yake mwenyewe kwa kujaribu na kurudia. Wawili hao walizozana kwa miaka kuhusu nani alitangulia. Mafundi wetu wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, watajua nani wa kumshangilia.)

Habari ya taa hiyo ina upande ambao husahaulika. Migodi iliyokuwa imeachwa kwa sababu ya methani ilirudiwa, na matabaka ya kina zaidi yakafikiwa. Makaa yaliongezeka, lakini vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa. Kifaa cha usalama kiligeuka kuwa kifaa cha uzalishaji, na aliyefaidi kwanza ni mwenye mgodi. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye uchumi.

Mwendo wa mwali

Davy alijua kwamba wavu unazuia mwali, lakini hakuweza kukokotoa mwali unakwenda kwa kasi gani. Kazi hiyo ilifanyika Ufaransa. Baada ya milipuko mingi, serikali ya huko iliunda tume ya kuchunguza gesi ya migodini, na wahandisi wawili wa Chuo cha Migodi cha Paris, Ernest Mallard na Henry Le Chatelier, wakaanza kuwasha gesi ndani ya mirija na kupima mwendo wake. Mwaka 1883 walieleza walichokiona.

Mwali, walisema, una sehemu mbili. Mbele kuna tabaka la gesi baridi ambalo linapashwa joto na moto ulio nyuma yake. Nyuma yake kuna tabaka ambamo mwako wenyewe unatokea. Tabaka zote mbili, kwa gesi ya kawaida, hazifiki unene wa milimita 1 au zinakaribia hapo tu. Kwa hiyo kasi ya mwali inaamuliwa na mambo mawili: joto linapenya mbele kwa wepesi gani, na mwako unakamilika kwa wepesi gani. Zidisha viwango hivyo viwili, kisha tafuta kipeuo cha pili, na umepata kasi ya mwali.

Kiwango cha kwanza kilikuwa kimeshapatiwa mlinganyo. Joseph Fourier alichapisha nadharia yake ya mwenendo wa joto mwaka 1822, na mlinganyo wake bado ndio unaofundishwa. Cha pili kilipatikana mwaka 1889, pale Svante Arrhenius alipoonyesha kwamba kasi ya mmenyuko wa kikemia hupanda kwa mruko mkali sana joto linapoongezeka kidogo tu. Kuviunganisha viwili hivyo kwa hesabu isiyopwaya kulingoja hadi 1938, kazi ya Yakov Zeldovich na David Frank-Kamenetskii katika Umoja wa Kisovieti.

Jina la Le Chatelier linafahamika kwa kila aliyefanya kemia ya KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, kwa sababu ya kanuni yake ya msawazo. Wachache wanajua kwamba alikuwa mhandisi wa migodi, au kwamba tasnifu yake ya 1887 ilihusu saruji. Ndiye aliyetambua kiungo hasa kinachoipa saruji nguvu. Viwanda vya Athi River vinavyopika klinka, yaani mawe yanayosagwa kuwa saruji, kwa nyuzi joto karibu 1,450 vinafanya kazi juu ya kemia ambayo yeye aliifungua. Maswali ya mgodini yalikuwa yameanza kulisha viwanda ambavyo havikuhusiana na methani kabisa.

Sasa turudi Embakasi tukiwa na namba mkononi. Kasi ya mwali wa propani katika hewa tulivu ni takriban sentimita 40 kwa sekunde. Mtu anayetembea kwa starehe anaupita. Basi ule mwendo wa kutisha umetoka wapi?

Umetoka kwenye mambo mawili yanayochocheana. Gesi ikishaungua hupanuka mara saba au nane, na kwa kupanuka inaisukuma mbele gesi ambayo haijaungua. Gesi hiyo inayosukumwa ikikutana na ukuta, gari, rundo la bidhaa au nguzo, inavurugika na kufanya vimbunga vidogo. Mwali unaoingia kwenye vurugu hiyo haubaki bapa. Unakunjamana, eneo lake linaongezeka, na eneo kubwa huunguza gesi nyingi zaidi kwa sekunde. Gesi nyingi ikiungua, msukumo unaongezeka, vurugu inaongezeka, mwali unakunjamana zaidi. Mzunguko huo ukiwa na vizuizi vya kutosha njiani, sentimita 40 zinageuka makumi au hata mamia ya mita kwa sekunde.

Ndiyo sababu msongamano wa majengo una madhara mawili, na sisi huwa tunalitaja moja tu. Tunasema pakiwa na msongamano kuna waathiriwa wengi zaidi. Ni kweli, lakini msongamano unaongeza pia nguvu ya mlipuko wenyewe. Kiasi kilekile cha gesi, kikiwashwa uwanjani, kitatoa mwako mkubwa na joto kali. Kikiwashwa kati ya maghala na nyumba zilizobanana, kitabomoa. Umbali unaotakiwa kati ya ghala la gesi na makazi una hesabu nyuma yake, na nadhani afisa anayeupunguza kwa kalamu angefikiri mara mbili kama angeonyeshwa hesabu hiyo.

Mkaguzi wa migodi aliyekuwa mwanahisabati

Mwaka 1879, mara tu alipohitimu katika Chuo cha Migodi cha Paris, kijana wa miaka 25 aliitwa kwenye mgodi wa Magny, mashariki mwa Ufaransa, uliokuwa umelipuka na kuua wachimbaji. Alikuwa mkaguzi mgeni kazini. Aliteremka, akakagua njia za hewa, akazichunguza taa za waliokufa mojamoja. Moja ilikuwa na tundu kwenye wavu wake, tundu la umbo la mstatili lililoelekea kuwa limetobolewa na sururu. Mwali ulikuwa umepata mlango.

Kijana huyo alikuwa Henri Poincaré. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameondoka migodini na kwenda kufundisha hisabati, akawa mmoja wa wanahisabati wakubwa kuliko wote wa enzi yake. Sidai kwamba taa ile ndiyo iliyomfundisha. Lakini aina ya maswali aliyoyapenda baadaye yanafanana mno na ripoti ya mkaguzi. Wenzake walipokuwa wakitafuta fomula ya kutatua kila mlinganyo, yeye aliuliza: je, mfumo huu una hali ya utulivu? Nikiongeza kidogo hiki au kile, utulivu huo utabaki au utatoweka ghafla?

Swali hilo la pili ndilo moyo wa nadharia ya mlipuko wa joto. Nikolay Semenov, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1956, alilieleza hivi mwishoni mwa miaka ya 1920. Chukua chombo kilichojaa kitu kinachoweza kuungua polepole. Joto linalozalishwa ndani linafuata kanuni ya Arrhenius: kadiri kunavyopata joto ndivyo linavyopanda kwa kasi inayozidi kuongezeka. Joto linalopotea kupitia kuta linapanda kwa mwendo wa kawaida, hatua kwa hatua. Chora mistari hiyo miwili. Mmoja ni mkunjo unaojipinda kwenda juu, mwingine umenyooka. Ikiwa inakutana, kuna mahali pa utulivu: chombo kinapata joto kidogo, kisha kinabaki hapo siku zote. Ukiongeza joto la nje kidogo kidogo, mkunjo unapanda hadi unaugusa tu ule mstari kwa nukta moja. Ongeza chembe nyingine, na mistari haikutani tena popote. Hakuna hali ya utulivu iliyobaki. Chombo hakina pa kusimama isipokuwa kuwaka.

Hakuna onyo katikati. Jana kilikuwa salama kabisa, leo kimelipuka, na kilichobadilika ni kidogo sana. Kwa mtu aliyezoea kufikiri kwamba ajali kubwa lazima iwe na kosa kubwa, hili ni gumu kumeza, na ndilo ninaloliona kuwa zawadi kubwa kuliko zote ambayo hisabati iliipa uhandisi wa moto.

Frank-Kamenetskii, mwaka 1939, alikwenda mbali zaidi. Aliangalia rundo lote, siyo wastani wake, kwa kuwa katikati huwa na joto kuliko pembeni. Aliyakusanya mambo yote, yaani ukubwa wa rundo, kasi ya mmenyuko, wepesi wa joto kupenya, katika namba moja tu. Namba hiyo ikipita 0.88 kwa tabaka bapa, 2 kwa umbo la pipa refu, au 3.32 kwa umbo la mpira, hakuna tena suluhisho tulivu la mlinganyo. Na namba hiyo inakua kwa mraba wa ukubwa. Rundo likiongezwa upana na kina mara mbili, linaukaribia mpaka mara nne.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini rundo dogo la mabaki ya jikoni nyuma ya nyumba hupoa lenyewe, ilhali mlima wa taka unaweza kushika moto kutoka ndani. Jalala la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na bado linapokea taka. Mioto mingine ya pale huwashwa na watu, hasa wanaochoma nyaya na matairi kutafuta chuma. Lakini rundo la ukubwa ule, lenye vitu vinavyooza na kuzalisha joto na gesi, halihitaji mtu wa kuliwasha. Kanuni ileile inawahusu wanaorundika makaa ya mawe bandarini, na wafanyabiashara wanaopakia kwenye kontena mkaa uliotoka tanurini karibuni. Gunia moja halina neno. Kontena zima lina hesabu nyingine.

Hesabu yenyewe haichagui pa kwenda. Mwaka 1937, Andrei Kolmogorov na wenzake wawili waliandika mlinganyo wa jinsi sifa mpya ya kurithiwa inavyoenea katika jamii ya viumbe, na mwaka uliofuata Zeldovich na mwenzake wakawa na mlinganyo wa mwali ambao ni ndugu yake wa karibu. Kitu kinajizalisha, kitu kinasambaa, na mawimbi yake yana kasi maalumu.

Kilichobaki mgodi ulipoisha

Ufaransa haikuwa na makaa mengi kama Uingereza. Ilichokuwa nacho ni shule iliyoanzishwa mwaka 1783 ambamo mkaguzi wa migodi alisoma hisabati ileile anayosoma mwanaastronomia. Mgodi ulizua swali. Chuo kikalijibu kwa namna iliyofaa pia saruji, injini na tanuri za chuma. Migodi mingi ya makaa ya huko imefungwa siku nyingi. Jibu halijafungwa.

Wanauchumi walichelewa kuliona hili. Tangu Richard Auty alipoipa jina laana ya rasilimali mwaka 1993, na Jeffrey Sachs na Andrew Warner walipoonyesha mwaka 1995 kwamba nchi zilizotegemea kuuza mali asili zilielekea kukua polepole zaidi, mjadala umekuwa kama vile madini yenyewe yana sumu. Maelezo yanajulikana: fedha za kigeni zinapandisha thamani ya sarafu na kuwaumiza wakulima na wenye viwanda, watawala wanaacha kuwategemea walipa kodi, wenye nguvu wanagombania mrija mmoja. Yote yana ukweli.

Lakini Gavin Wright na Paul David waliuliza mwaka 1997 kuhusu nchi ambayo laana hiyo iliipita: Marekani. Katika karne ya 19 watu walidhani Marekani ilikuwa tajiri wa madini kwa sababu Mungu aliijalia. Wawili hao walionyesha kwamba sehemu kubwa ya utajiri huo ilitengenezwa. Chuo cha migodi cha Columbia kilifunguliwa mwaka 1864, idara ya taifa ya uchunguzi wa jiolojia ikaundwa 1879, na shaba ambayo kwingine ingeonekana mawe tu ikawa mali kwa kuwa kulikuwa na watu wa kuitambua na kuiyeyusha. Chile, iliyokuwa imetangulia kwa shaba, ilipitwa kwa muda mrefu, na hilo halikutokana na kuishiwa na mawe.

Nchi nyingi huanza kwa kugawana pesa. Sheria yetu ya Madini ya 2016, iliyochukua mahali pa ile ya kikoloni ya 1940, inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayotoa, hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali palipochimbwa. Ni hatua kubwa kwenye karatasi, ingawa mgao wa kaunti na wa jamii ulikawia kwa miaka. Nairobi tulizungumza sana kuhusu asilimia hizo. Tulizungumza kidogo mno kuhusu kilichokuwa kikitoka Kwale kwenye meli.

Kilichokuwa kikitoka ni mchanga mzito: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Titani iliyomo kwenye viwili vya kwanza huishia zaidi kuwa unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Viwanda vya rangi vya Eneo la Viwandani hununua unga huo kutoka nje. Tuliuza mchanga, tukanunua weupe.

Mtu atasema: basi tujenge kiwanda. Tazama kwanza kiwanda chenyewe ni nini. Kwa njia moja kuu inayotumika duniani, rutaili au madini yaliyoboreshwa hukutanishwa na klorini na koki (aina ya kaboni) kwenye joto la karibu nyuzi 1,000. Inatoka gesi ya kloridi ya titani. Gesi hiyo huunguzwa katika oksijeni kwenye joto kali zaidi, na ndani ya mwali huo, katika sehemu ndogo ya sekunde, chembe nyeupe zinazaliwa. Zikikaa motoni kupita kiasi zinashikana na kuwa kubwa. Zikitolewa mapema hazijafika. Chembe bora ina kipenyo cha takriban robo ya sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa sababu huo ndio ukubwa unaotawanya mwanga vizuri kuliko wote. Namna chembe zinavyogongana na kukua inaelezwa na mlinganyo alioutunga Marian Smoluchowski mwaka 1916. Namna mwali unavyosimama ni kazi ya ukoo wa Mallard na Le Chatelier.

Kwa maneno mengine, tofauti ya bei kati ya mchanga wa Kwale na weupe wa rangi imekaa ndani ya mwali mmoja, na aliye na mali ni yule anayejua kuutawala.

Siamini kwamba ingefaa kujenga kiwanda cha namna hiyo kwa ajili ya Kwale peke yake. Uchimbaji wote ulidumu kwa takriban miaka kumi na moja, klorini na umeme vina gharama, na viwanda vya namna hii huhitaji wingi mkubwa ili kulipa. Wanaotaka kupiga marufuku usafirishaji wa madini ghafi wakidhani kwamba kiwanda kitachipuka kwa amri, nawashauri wapige hesabu ya klorini kwanza. Hata hivyo kati ya kujenga kiwanda kizima na kutojifunza chochote kuna nafasi pana sana. Albert Hirschman aliieleza mwaka 1958: mgodi unavuta nyuma yake wanaouuzia vipuri, maabara, matengenezo na programu, na unasukuma mbele yake wanaotumia zao lake. Sheria ya 2016 inagusa haya inapodai mafunzo, ajira na ununuzi wa hapa nchini. Ni vifungu ambavyo havipati vichwa vya habari kama asilimia 10.

Hata hesabu ya pesa zenyewe imetoka kwenye fizikia. Harold Hotelling, mwaka 1931, aliuliza mwenye mgodi achimbe kwa kasi gani. Akatumia hisabati ileile ambayo wanafizikia hutumia kutafuta njia itakayofuatwa na kitu kinachosafiri, akapata kwamba faida ya kila tani, ukishatoa gharama, inapaswa kupanda kwa kiwango cha riba. La sivyo ni heri uchimbe yote leo uweke pesa benki, au usichimbe kabisa. John Hartwick akaongeza mwaka 1977: ukiichukua faida yote ya madini na kuiwekeza katika mali nyingine ya kuzalisha, taifa linaweza kuendelea kuishi kwa kiwango kilekile baada ya madini kwisha. Mrabaha ukilipa posho na mafuta ya magari, kanuni ya Hartwick imevunjwa siku hiyohiyo, hata kama ukaguzi wa hesabu ni safi.

Botswana ndiyo nchi inayotolewa mfano kila mara, na kwa sababu nzuri: ilipata almasi ya Orapa mwaka 1967, ikajadiliana kwa ukali, na mwaka 2013 mauzo ya almasi ya De Beers yakahamishwa kutoka London hadi Gaborone. Lakini leo inabanwa na almasi za maabara. Njia mojawapo ya kuzitengeneza huanza na methani na haidrojeni, gesi zikapashwa joto hadi kaboni ijipange juu ya kibamba, tabaka juu ya tabaka. Methani ileile ya Felling. Anayejua kuitawala hahitaji mgodi.

Je, Kenya imewahi kufanya vizuri katika jambo kama hili? Imefanya, ingawa hatuliiti madini. Mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Mvuke hauwezi kupakiwa kwenye meli ukiwa ghafi. Ama unautumia palepale, ama unaupoteza. Kwa hiyo Wakenya walilazimika kujifunza kila kitu: kusoma miamba, kuchoronga visima, kukokotoa jinsi maji na joto vinavyopenya chini ya ardhi, hesabu ambayo mzizi wake ni Fourier yuleyule. Wengi walipelekwa Iceland kusoma na wakarudi kufundisha wengine. Miaka arobaini baadaye, KenGen, kampuni yetu ya kuzalisha umeme, imekuwa ikipeleka wachorongaji wake Ethiopia na Djibouti kwa mikataba ya kulipwa.

Juja, katika Chuo Kikuu cha JKUAT, na Voi, katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kuna vijana wanaosomea uhandisi wa uchimbaji na usindikaji wa madini wakati huu. Serikali inanadi madini adimu ya Mlima Mrima, katika kaunti hiyohiyo ya Kwale, na kutenganisha madini hayo ni kazi ngumu kuliko ya titani. Mkataba utakaposainiwa, nitaanzia kusoma kurasa za maabara: itajengwa wapi, na nani atakuwa na funguo zake.